Kikohozi cha Mkwilima

Kwa siku kumi na tisa nilimjua mkwilima wangu, mume wa binti yangu, kwa kikohozi chake. Alikohoa mara tatu getini, akakohoa tena mlangoni, kisha akasimama nje kusubiri. Mimi nikajikokota na fremu yangu ya kutembelea mpaka chumbani, nikashusha pazia, nikasema, “Haya.” Hapo ndipo alipoingia nyumbani kwake.

Ndiyo, nyumbani kwake. Nyumba ile ya Nyasubi, mjini Kahama, kaijenga mwenyewe na bati kaezeka mwenyewe, dari tu ndiyo hajapiga. Mgeni nilikuwa mimi. Nililetwa pale kutoka Mwanza baada ya madaktari kuitoa nyonga yangu ya kulia, iliyokuwa imelika, na kuniwekea nyingine ya chuma. Nilitaka nirudi kwangu Kambarage, Shinyanga, nikauguzie kidonda changu kitandani kwangu. Binti yangu Ritha akaniuliza, “Nani atakuogesha huko, kuku?” Ritha ana mdomo huo. Kanirithi mimi.

Sisi Wasukuma wa zamani tulivyolelewa, mama mkwe na mkwilima hawakutani ovyo. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na jina la mwenzio hulitamki hata ukikabwa. Najua siku hizi wapo wanaokaa na wakwe zao sebuleni wakitazama tamthilia na kupigana vijembe. Sawa, wakae. Mimi wangu nilimwita Baba Nelly, kwa jina la mjukuu wangu wa kwanza aliye shule ya bweni, na kabla Nelly hajazaliwa sikumwita kitu.

Na niseme kweli, maana kwa umri huu kuficha kunanichosha: heshima ile ilinifaa. Ilinisaidia nisimpende na mtu asijue. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, na mimi wachimbaji nilikwisha kuwamaliza. Mume wangu Jilala alikwenda machimbo ya Geita mwaka pamba ilipotuangusha. Akashuka ndani ya duara, lile shimo lao refu, na ardhi ikamfunika. Walimtoa siku ya nne. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na Ritha mgongoni. Nikamlea huyo Ritha kwa jembe, akasoma, akawa mwalimu, kisha siku moja akaniletea mchimbaji kutoka Masumbwe. Nilipokea ng'ombe, nikainama, nikanyamaza. Watu wakasema, mama huyu ana adabu kweli kweli.

Hospitali walinipa karatasi ya masharti. Usikunje mguu. Usiiname kuokota kitu. Usikae mahali palipo chini ya magoti yako, maana chuma kinaweza kuchomoka. Na tembea, mama, tembea asubuhi na jioni, usipotembea mguu utaganda na utabaki mtu wa kitandani. Hilo la mwisho alinirudia mara mbili yule bwana wa mazoezi, akinitazama kama anayejua kuwa mimi ni mbishi.

Nilitaka kutembea, jamani. Nilitaka hadi meno yaniume. Novemba mvua zinaanza, na mimi shamba langu nalipanda mwenyewe. Lakini mkwilima wangu alikuwa mapumzikoni, yuko nyumbani kutwa, uani na nyundo yake na misumari yake, na mimi ningepitaje mbele ya mkwe nikichechemea, kalio upande, natweta? Nikawa natembea akitoka tu. Alitoka mara chache. Wiki ya tatu ilipoingia, mguu ulikuwa mzito kuliko siku niliyotoka hospitali. Ritha alidhani ni uzee. Sikumwambia.

Mchana nilimeza dawa za maumivu, na dawa zile zilikuwa na mambo yake. Kitanda kilielea. Pazia lilipumua. Kisha nikawa shambani, pamba imepasuka yote, nyeupe mpaka upeo wa macho, na Jilala yuko mbele yangu anatembea. Naona mgongo wake na shati lake la kahawia. Namwita, haitiki, nakaza mwendo, mguu hauji. Kila siku ndoto ile ile, na kila siku hakugeuka. Nyundo ya uani iliingia ndotoni ikawa inagonga chini ya ardhi, ko, ko, ko, nami nikaamka na machozi yameingia masikioni.

Mwezi ulikuwa Septemba. Ritha akapangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba, shule moja ya mbali huko Ushetu, siku tatu, na simu walizikusanya. Aliniacha mikononi mwa jirani yetu Mwanaima, muuza dagaa, aje kuniogesha asubuhi na jioni.

“Na mchana?” nikauliza.

“Mchana Baba Nelly yupo.”

“Baba Nelly anahusika nini na mimi?”

Ritha alinitazama, akafunga zipu ya begi lake. “Mama, utakuja kufa na hiyo heshima yako,” akasema, akaondoka.

Siku ile ile, baada ya chakula, nikasikia geti likifungwa. Ametoka. Nikainuka upesi, na dawa imeshapanda kichwani. Kanga moja kifuani, kichwa wazi, na fremu mbele yangu. Sebule ilikuwa imejaa jua, sakafu inang'aa nyeupe, na mimi nikatembea juu ya weupe ule bila haraka, hatua kumi, kumi na tano, nikacheka peke yangu. Niliona kama pamba. Nikasema, leo Jilala namfikia.

Ndipo akakohoa. Hakuwa getini, alikuwa mlangoni kabisa.

Kama ningekuwa na akili zangu, ningesema tu, “Subiri.” Neno moja. Lakini mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Niliacha fremu pale pale, nikashika ukuta, nikajipenyeza kwenye mlango mwembamba wa stoo, nikavuta pazia, na kama alivyonifundisha mama yangu kujificha mkwe anapopita, nikajishusha chini. Chini palikuwa na kigoda. Nikakaa.

Kile kigoda kinafika nusu ya muundi. Nyonga ikatoa mlio mdogo, nikauma kanga nisipige kelele.

Nilipopata pumzi nikasema, “Haya.” Aliingia akijua sebule ni tupu. Nikamsikia anasimama.

“Mayu,” akasema. Mama, kwa Kisukuma chetu. “Fremu iko hapa peke yake.”

“Najua,” nikajibu kwa ukali.

“Wewe uko wapi?”

“Stoo.”

“Umesimama?”

Nikavuta kanga ifunike magoti.

“Umekaa? Umekaa juu ya nini, mayu?”

“Kigoda.”

“Toba!” Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kazini. “Usiinamie mbele. Hata kidogo. Nyoosha mguu wa kulia, kisigino kiteleze taratibu. Egemea ukuta. Umeegemea?”

“Nimeegemea. Nani kakufundisha mambo hayo?”

“Karatasi ya hospitali nimeisoma. Kitanda chako nilikipandisha kwa vipimo vya ile karatasi. Na kiti chako, na kile cha chooni.”

Mimi nilidhani hiyo ni kazi ya fundi. Wiki tatu nilikalia mikono ya mtu huyu na sikuuliza. Nikapata aibu, na aibu ile haikuhusu kanga.

Alimpigia Mwanaima, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. “Yuko sokoni, hasikii. Nimfuate?”

Mguu ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe. Niliona mbele yangu miaka yangu yote iliyobaki: kitanda, pazia, Ritha akinigeuza kama mtoto, na mvua inanyesha shambani kwangu bila mimi. Niliogopa. Naapa niliogopa kuliko siku ya kisu cha madaktari.

“Usiniache,” nikasema.

“Siondoki. Niingie nikuinue?”

“Thubutu! Nina kanga moja.”

Kisha nikasikia miguu yake ikienda uani, nikadhani ameniacha. Lakini alirudi, na kitu kikagusa boriti juu. Kuta za stoo hazijafika bati, na pale juu nikaona kamba nene ikipita, na mkanda mpana wa turubai ukishuka kwangu pole pole hadi mapajani. Ulinuka udongo wa chini sana.

“Kule kwetu mtu akiumia duarani hatumvuti mikono,” alisema nyuma ya pazia. “Tunamvalisha huo. Upitishe chini ya makwapa. Sikuoni, mayu, nimegeukia ukuta.”

Nikauvaa. Ili nisilie nikamuuliza jambo ambalo kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kuuliza.

“Huko machimboni unafanya kazi gani hasa?”

“Matimba.”

“Ndiyo nini?”

“Napanga magogo kwenye kuta za duara, kuanzia juu mpaka chini, ili ardhi isimfunike mtu. Sijawahi kuchimba dhahabu mimi.”

“Na wamefunikwa wangapi?”

“Kwenye maduara yangu?” Alivuta pumzi. “Hajafunikwa mtu. Mpaka sasa.”

Hapo nililia. Nililia wazi wazi, kama mjinga, na yeye akaacha nilie, hakuniambia pole wala nyamaza. Nilimlilia Jilala ambaye hakuwa na mtu wa kumpangia magogo. Kisha nikajifuta na ncha ya kanga, nikasema, “Haya, vuta.”

“Mguu wa kulia ubaki mbele. Sukuma kwa wa kushoto. Taratibu, mayu, taratibu.”

Kamba ikakaza. Sikujua kama ni dawa au ni woga, lakini stoo ilikuwa imekuwa duara, na mimi natolewa chini, mwanga wa bati unashuka kunilaki, magunia yanapita pembeni, na mtu nisiyemwona yuko juu ananipandisha inchi kwa inchi bila kunichubua. Niliwaza, kumbe ndivyo mtu anavyopaswa kutolewa. Kisha nyayo zangu zikabeba uzito, nikawa nimesimama. Nyonga iko mahali pake.

Lakini kusimama si kutoka. Mlango wa stoo ni mwembamba, fremu haipiti, na bila fremu siwezi hata hatua moja.

“Sifiki,” nikasema.

Aliifunga kamba kwenye nondo ya dirisha ili inishikilie. Akavua koti lake, akalirusha juu ya pazia. “Jifunike.” Nikajifunika. Pazia likasogea, na mkwilima wangu akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, kichwa ameinamisha.

“Shika mabega,” akasema.

Mgongo ule ulikuwa karibu kuliko mgongo wowote kwa miaka thelathini na tano. Shati lilikuwa limelowa jasho. Mikono yangu ilikataa kwanza. Ilikaa hewani, haijui adabu ya kufuata. Kisha ikashuka, mmoja, na wa pili. Alishtuka kidogo, nami nikashtuka, na dunia haikupasuka. Nikavua mkanda.

“Nikienda, uje. Usipokuja, siendi.”

Akapiga hatua moja, akasimama. Nikaja. Akapiga nyingine, akasimama. Yule wa shambani hakunisubiri hata siku moja. Huyu alisubiri kila hatua mpaka nikafika, na hivyo ndivyo tulivyokivuka kile chumba cheupe, mimi natweta masikioni mwake na sina habari.

Siku mbili zilizofuata tulitembea hivyo hivyo uani, asubuhi na jioni, yeye mbele, mimi mikono mabegani. Mwanaima alipotukuta mara ya kwanza alifunika mdomo kwa upande wa ushungi, akasema, “Treni hii inakwenda wapi?” Tukampita. Mkwilima wangu hakugeuka kunitazama, nami sikumwambia ageuke. Alihesabu hatua kwa Kisukuma. Jioni ya pili tulifika mia mbili. Mchana nilimeza dawa nikalala, na pamba ilikuwepo, na Jilala alikuwepo, mbali, lakini nyundo haikunitisha tena. Nilijua ni nani anagonga, na kwa nini.

Kesho yake Ritha alirudi saa tisa alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa sebuleni, nimekaa kwenye kiti changu kirefu, nachambua mchele kwenye ungo. Hakuamini. Alinizunguka kama anayekagua gari la mtumba.

“Umekuja mwenyewe hapa?”

“Nimetembea.”

“Na huo mguu?”

“Upo.”

Akatazama huku na huku, akainua macho juu. Kamba ilikuwa bado imelala juu ya boriti, mkanda wa turubai unaning'inia karibu na pazia la stoo.

“Mama, ile kamba ni ya nini?”

Nilipepeta mchele. Nilitoa kokoto moja, nikaitupa. Kinywa changu kilikuwa kikavu kama siku ya posa yangu.

“Mimi mambo ya kamba siyajui,” nikasema, na sikupunguza sauti. “Muulize Ngusa.”

Ritha aliposikia jina la mumewe kinywani mwangu, aliketi juu ya begi lake. Uani nyundo ikanyamaza. Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa chini pole pole, kisha miguu inakuja, inapita kwenye kona ya nyumba, inafika mlangoni. Nilisubiri akohoe. Hakukohoa.

Nikaweka ungo pembeni, nikageuza uso wangu kuelekea mlangoni.