Fundi Aliyeitwa Kunitengeneza

Jana nililala mapema kwa sababu leo nilikuwa narudi kazini. Mume wangu, Yoeli, alinishauri niandae sentensi moja ya kuwajibu wenzangu, niiseme, kisha niendelee na shughuli zangu. Nikaiandaa: "Mimba iliharibika, sipendi kuizungumzia." Nikasinzia nikiirudia, nikaota nimeshafika.

Ofisi ni ileile, kampuni yetu ya mbegu pale Morogoro, ila viti vyote vimegeuzwa kutazama changu.

"Mama Kijacho!" anaita Elirehema wa mauzo. Huyu hajawahi kupita mezani kwa mtu bila kuuliza kitu. "Mbona tumbo limepungua?"

Nasema sentensi yangu.

"Imeharibika?" Anawageukia wenzake. "Jamani, imeharibika! Nani ana namba ya fundi?"

Wote wanatoa simu. Birika la chai linakohoa.

"Msikurupuke," linasema. "Hata mimi niliwahi kuharibika, kumbe waya tu. Dada, ulijaribu kuchomoa na kuchomeka tena?"

"Mimi si birika."

"Wote mnasema hivyo mwanzoni."

Bi Stamili, meneja wetu, anatoka ofisini kwake na sauti yake ya upole. "Tusitumie neno hilo, linamuumiza mwenzetu. Tuseme mimba ilitoka."

"Ilitoka?" linauliza birika. "Ilisema itarudi saa ngapi?"

Ghafla tuko getini, mvua inanyesha. Mlinzi anaapa kwamba hakumwona mtu akipita. Wafanyakazi wote wamejipanga barabarani, wanaita kuelekea mjini, "Njoo! Mama yako amesharudi kazini!"

"Usijali, mdogo wangu," ananiambia Bi Mwanahawa wa mapokezi, akinishika bega. "Wewe bado kijana. Utapata nyingine."

Anafungua mlango wa stoo, na stoo iko palepale barabarani. Ananichagulia pakiti ya mchicha, anaitikisa sikioni kwangu.

"Chukua hii. Inaota upesi."

"Simjui huyu," nasema.

"Utamzoea."

Naitupa pakiti kwenye tope. Wanaguna. Mtu mmoja ananong'ona kwamba nimebadilika, siku hizi nina hasira.

Ndipo fundi anafika, amevaa ovaroli, ana bisibisi mdomoni. Anatega sikio tumboni kwangu kama anayesikiliza jokofu.

"Tatizo ni mtumiaji," anawaambia wao, si mimi. "Alikuwa anapanda ngazi?"

"Anapanda!" anasema Elirehema. "Na nilimwona anabeba katoni. Nilijua tu."

"Alikula nanasi?"

"Alikula, tena kwa pilipili!"

Fundi anatikisa kichwa. Anatoa stika nyekundu, anailamba, anaibandika tumboni kwangu. Imeandikwa HAIFANYI KAZI.

Wote wanashusha pumzi. Sasa wameelewa. Bi Stamili anamshukuru fundi kwa kuja haraka.

Naibandua ile stika. Inatoka na ngozi kidogo, lakini naibandua.

"Hakuna kilichoharibika," nasema. "Wala hakuna kilichotoka. Mwanangu amekufa. Nilimshika. Alienea kwenye kiganja hiki, na alikuwa na kucha. Mnaita nani barabarani? Amekufa! Na sikumuua kwa nanasi!"

Mvua inakatika.

Elirehema anasogea, macho yamelegea kwa huruma.

"Pole, Mama Kijacho," anasema. "Kwani alikuwa wa kike au wa—"

Nambandika ile stika mdomoni, juu ya sharubu. Naikandamiza kwa viganja vyote viwili, pembe hadi pembe, na nazidi kukandamiza hata baada ya kushika.

Nikaamka mikono ikiniuma. Nikaoga, nikavaa, nikaenda kazini.

Elirehema alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa kitambaa. Bi Mwanahawa akamuuliza kapatwa na nini. Akajibu kwamba ni wembe, akashusha kitambaa amwonyeshe. Upande mmoja wa sharubu haukuwepo, na ngozi yake ilikuwa nyekundu, imechubuka kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

Aliponiona alirudi nyuma hatua moja.

"Pole sana, Tumsifu," akasema. Akarudisha kitambaa mdomoni.

"Asante," nikamjibu, nikapita kwenda kukaa. Sikumwambia kwamba bado ana gundi shavuni.