Aliyepika Yuko Wapi?

Raihana alikuwa amechoshwa na theluji ambayo hajaiona maishani mwake. Picha ilikuwa ile ile, ya mchoraji wa Ulaya: mto ulioganda, watoto wanateleza juu ya barafu, na nyumba kubwa ambayo dirishani mwake watu wanakula karamu ya Krismasi. Mwalimu Naomi wa chuoni alikuwa ameirudisha insha yake juu ya picha hiyo mara mbili. "Umeeleza rangi tu, Raihana. Watu je?" Mwisho wa kuipeleka ni saa kumi, na akifeli hii anarudia mwaka mzima. Sasa ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Bibi Mwanaesha alikuwa amejibanza ubavuni pake, ananuka moshi wa harusi ya jana, miwani imemteremka puani, anachungulia kompyuta.

"Hawa wote wala karamu," Bibi akasema. "Alopika yu wapi?"

"Bibi! Nyeupe ni usafi, nyekundu ni furaha. Hapa hatuulizi mpishi!"

"Mwauliza nini basi?"

Raihana akavuta pumzi. Ajuza huyu amepika pilau ya harusi mtaa mzima wa Bondeni kwa miaka arubaini; hata ukimwonyesha mwezi atakuuliza sufuria. Mtu ana shughuli zake, haachwi akazifanya!

"Na huyu je?" Kidole chenye makovu ya moto kikagusa pembe ya picha.

Raihana akaikuza picha, ili amnyamazishe tu. Nyuma ya nyumba, mwanamke alikuwa akisugua sufuria thelujini, mikono mitupu. Wiki tatu nzima Raihana alikuwa akimdhania kisiki.

"Haya, nionesha za jana," Bibi akasema.

Harusi ilikuwa ya Fadhiya, binamu yake, na Raihana ndiye aliyepiga picha, themanini na sita kwenye simu. Wakazipitia zote. Bibi harusi, mashangazi, masinia, watoto wenye midomo ya mafuta. Bibi Mwanaesha hakuwamo. Katika moja tu, pembeni, ulionekana mkono umeshika upawa.

"Mkono wangu huo," Bibi akasema kwa furaha. "Umetoka vizuri."

Raihana aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Hasira zote alizomwekea Bibi zilikuwa zimemrudia mwenyewe.

"Bibi, jana ulikula nini?"

Bibi akafikiri kidogo. "Ukoko ulikuwako."

Zilibaki dakika arubaini. Raihana akafuta kurasa zote nne za insha, akaandika: Aliyepika yuko nje.