Grisi Iliyopanda Mtaa wa Ellen

Jumamosi saa moja asubuhi Garth Trezise alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, chini ya gari la mwaka 1926, akifuta difu, boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kwa fulana kuukuu. Alikuwa ameshabadilisha gasketi ya gia boksi, aliyoikata mwenyewe kwa mkasi. Alikuwa amezibua kitundu cha kupumulia juu ya difu, maana kikiziba, joto huisukuma grisi itoke popote penye upenyo. Alikuwa amebadilisha sili, ile pete ya kuzuia grisi, ya gurudumu la nyuma kushoto. Sinia alilolitega chini lilikuwa kavu, na gari lilikuwa linavuja vilevile.

Grisi haikudondoka. Ilitoka gurudumu la nyuma kulia, ikateremka kwenye tairi, ikapita chini ya mlango wa gereji, ikakata kushoto na kupanda Mtaa wa Ellen, upana wa vidole viwili, mpaka kizingitini kwa Des Rundle. Kilima kile humtoa mtu jasho. Grisi ilikipanda kwa dakika arobaini.

Watu wa Trewilla, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko Australia Kusini, walishazoea. Mama wa posta alilalamika kwamba inamchafulia tairi za baiskeli. Halmashauri ilileta mchanga mara mbili, grisi ikapita juu ya mchanga, wakaacha.

Gari lilikuwa la Kelvin, mdogo wake Garth. Miaka miwili nyuma, katika matembezi ya chama cha magari ya kale, Kelvin aliteremka nalo kilima hichohicho, breki zikakataa, akagonga ukuta wa ghala la ngano. Gari lilivunjika taa na rejeta. Kelvin alivunjika shingo, akafa. Mchana ule alikuwa amekunywa bia mbili, basi mji ukasema alilewa, na chama kikaandika hivyo kwenye kitabu chake. Mkewe, Noelene, hakualikwa tena kuoka pai za kanisa.

"Shemeji," alimwambia Garth, "kama alilewa, niambie alilewa. Kama hakulewa, nataka wayafute yale maneno."

Garth alikuwa hajalifungua gurudumu la kulia. Kila aliposhika spana kwenda upande ule, Des alitokea na pakiti ya biskuti. Des ndiye mkaguzi wa chama. Bila saini yake ya kila mwaka, gari la kale haliruhusiwi barabarani.

"Bado unahangaika na hiki chuma chakavu?" Des aliuliza asubuhi ile.

"Nahangaika."

"Kulia usiguse, mzee. Hiyo habu ya gurudumu imekaza. Utavunja ekseli, na ekseli ya namna hiyo huipati hata ukifunga na kusali."

"Nani kakwambia naenda kulia?"

"Nakisia tu."

"Grisi inakuja kwako, Des. Mbona haiendi kwa mwingine?"

"Mlango wangu uko njiani."

"Njiani kwenda wapi? Mtaa unaishia kwako."

Des akacheka peke yake. Kutoka chini ya gari Garth aliviona viatu vyake tu. Vilisimama mbele ya gurudumu la kulia, visigino vikigusa tairi, na havikusogea mpaka biskuti zikaisha.

Jumatatu Des alikwenda mji wa Kadina kung'oa jino. Garth alifunga mlango wa gereji, akaivuta ile habu. Haikuwa imekaza. Ilitoka kama kifuniko cha sufuria.

Ndani mlikuwa na sili ya ngozi. Sili ya namna hiyo ina mdomo, na mdomo lazima utazame ndani, grisi iliko, ndipo iizuie. Huu ulitazama nje. Kila gurudumu lilipozunguka, grisi ilikaribishwa kwenye breki, na gari lile lina breki za nyuma tu. Mafundi wa chama wana desturi ya kugonga herufi zao na tarehe kwenye ukingo wa chuma wa kila sili waliyofunga, ili kazi nzuri ijulikane ni ya nani. Hapa paligongwa D.R., na tarehe ya wiki moja kabla ya matembezi yale.

Alhamisi mchana, kwenye mkutano wa chama, Garth aliiweka ile sili mezani, karibu na birika la chai.

"Uliifunga kinyume, Des."

Des alivaa miwani, akaigeuzageuza. "Kweli," alisema, shavu likiwa bado limevimba. "Kinyume kabisa."

"Na ukasaini kwamba umekagua."

"Nilikagua. Kwa macho."

Mtu mmoja aliomba sukari. Beryl Nankivell, katibu, alifunga kalamu yake. "Kitabu cha mwaka ule kimeshafungwa, kaka Garth. Tukianza kufuta, tutafuta mpaka lini? Na nani mwingine hapa, kwa magoti yetu haya, atakubali kuingia chini ya magari?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Beryl akauliza nani anamtaka Des aendelee na ukaguzi, mikono ikanyooshwa.

Garth alifunga sili mpya, mdomo ukitazama ndani. Gari likakauka kila kiungo. Kesho yake, grisi ilifika kizingitini kwa Des saa yake ileile. Des alinunua mkeka wa mpira.

Jumapili ya matembezi mengine ya chama, Des alishuka kilima akiacha nyayo nyeusi barabarani. Hakuinama. Alilaza fomu ya ukaguzi juu ya boneti, akapangusa soli moja kwenye ubao wa kupandia, kisha nyingine, akaandika: *Halivuji popote.* Akasaini. Garth aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Noelene alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kofia kichwani, mikono mapajani.

"Ameandika nini, shemeji?"

Garth alimwambia.

"Na kuhusu Kelvin?"

"Hakuna."

Noelene alilitazama ghala la ngano kule chini. "Zijaribu breki mwenyewe," alisema.

Garth alikanyaga mara tatu, zikashika. Wakateremka polepole, nyuma ya gari la Des, ambalo ndilo huongoza msafara.