Walengwa wa Kilomita Moja

Saa mbili asubuhi Fundi Randa alikuwa ameshapiga msasa ubavu mzima wa jeneza, na kila baada ya muda mfupi alijifuta vumbi kwenye suruali akachungulia simu. Watu elfu tatu na mia tisa walikuwa wameliona tangazo lake. Akarudi kwenye msasa. Akachungulia tena. Elfu tatu mia tisa na kumi na wawili. Aliyepiga simu, hakuna.

Walimwita Randa, kama kile chombo cha kulainishia mbao, kwa sababu mkono wake haukujua kutulia. Akiongea na wewe, mkono unapapasa meza, benchi, fremu ya mlango, chochote cha mbao kilicho karibu, unatafuta pasipolainishwa vizuri. Tabia hiyo aliipata kwa kaka yake. Kaka ndiye aliyefungua karakana, akaiita Ndugu Wawili wakati huyo ndugu wa pili hajajua hata kushika nyundo. Wakatengeneza vitanda, makabati, meza za kulia, na watu walisubiri zamu. Kisha zikaja samani za unga wa mbao, zimefungwa kwenye boksi na kifunguo chake kidogo, bei chee, unafunga mwenyewe sebuleni kwako. Ndani ya miaka mitatu hakuna aliyekuja kuagiza kitanda. Kaka akaanza kuumwa tumbo, akakaa nyumbani. Randa akageukia majeneza, maana hayo walau yalikuwa hayajaanza kuletwa kwenye boksi.

Lakini majeneza nayo yana wenyewe. Mochwari palikuwa na mhudumu aliyewapokea wafiwa kwa pole nyingi na kadi ya fundi mkononi. Ukitaka kadi iwe yako, umkatie chake kwa kila jeneza, naye mfiwa ndiye anayeongezewa bei. Randa alikataa. Alijiona mtu safi kweli, na kwa miezi miwili usafi huo haukumuuzia hata jeneza la mtoto.

Ndipo dada wa simu akamwambia ajiongeze. Huyu dada alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, anauza kava na chaja, na pembeni anawatangazia watu biashara zao mtandaoni. Alimfungulia ukurasa. Akaposti jeneza la kwanza, satini nyeupe, vishikio vinang'aa. Maoni yakaja, tena mengi: "Mungu apishe mbali." "Ushindwe." "Yaani naamka asubuhi nakutana na hili?" Laiki ilikuwa moja, ya dada mwenyewe.

"Posti za bure zimekufa, mjomba," alimwambia. "Zamani unaposti keki, dakika hiyohiyo simu inaita. Siku hizi wamefunga bomba. Mpaka ulipie ndiyo wakuoneshe kwa watu. Ila ukilipia unachagua walengwa. Umri wao, wanakaa wapi, wanatafuta nini."

Walengwa. Neno lilimkaa vizuri mdomoni. Dada akamfungulia ramani yenye duara la buluu, akamuuliza aliweke wapi. Usimcheke haraka, mtu ambaye hajauza miezi miwili akili yake inafanya kazi kivyake. Randa akanyoosha kidole chake chenye gundi iliyokauka, akagusa hospitali.

"Hapa. Kilomita moja kuzunguka hapa."

"Heee! Mjomba, kumbe wewe ni mfanyabiashara!"

Alirudi nyumbani kifua mbele. Maneno aliandika dada, na kwa haraka zake aliyanakili kutoka tangazo la mama wa keki: Usisubiri siku yenyewe. Agiza mapema, upate punguzo. Chini yake jina la karakana. Randa alisoma, akaona yako sawa. Siku ya pili ya tangazo kaka yake alizidiwa, akalazwa hospitali hiyohiyo. Randa mwenyewe ndiye aliyemshika kwapani mpaka kitandani, na hata hapo lile duara la buluu halikumjia akilini.

Saa mbili na nusu simu ikaita. Aliirukia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akijua ni mteja. Alikuwa shemeji, mke wa kaka.

"Shemeji, wewe una roho ya namna gani?"

"Kuna nini? Kaka vipi?"

"Kaka yako hataki kusaini. Saa nne wanampeleka chumba cha upasuaji, na hataki kusaini. Amelala anaangalia ukuta. Anasema kupasuliwa kwa nini wakati mdogo wake ameshamaliza kazi."

"Kazi gani?"

"Fungua huo mtandao wako ujisome." Akakata.

Akajisoma. Alisoma mara mbili, maana mara ya kwanza macho yalikataa. Agiza mapema. Aliona aibu mbele ya jeneza lililokuwa pale juu ya vibao viwili, aibu ya kweli, hata akaligeuzia mgongo. Kisha akakimbia ng'ambo ya barabara. Kibanda kimefungwa. Akapiga simu.

"Lizime lile tangazo! Lizime sasa hivi!"

"Mjomba, niko njiani. Simu ya matangazo nimeiacha dukani. Nikifika tu."

"Usingoje ufike!"

"Sasa nitalizima kwa miujiza?"

Akaondoka vilevile alivyokuwa, na vumbi lake, na fulana ya kazi yenye jina la karakana na namba ya simu mgongoni. Fulana nayo ilikuwa ushauri wa dada.

Getini mlinzi hakumuuliza anakwenda wapi. Alimzungusha kwa macho, akasoma mgongo.

"Wewe ndiye Ndugu Wawili?"

"Ndiyo mimi, mkuu. Nina mgonjwa, kaka yangu, anapelekwa kupasuliwa..."

"Tangu juzi kila nikifungua simu nakuona wewe na sanduku lako. Nataka kuangalia mpira, wewe. Nataka kuongea na mke wangu, wewe. Unatuchuria kifo sisi wazima, na akili zako? Halafu leo unaleta na miguu kabisa!"

"Sijaja kwa biashara, mkuu."

"Fulana inasemaje? Hapa ndani majeneza yana utaratibu wake. Na kuona wagonjwa ni saa sita. Subiri huko kwenye kivuli."

Randa alisubiri. Angefanya nini? Aliomba, akabembeleza, akaita "kaka," "mkubwa," "baba," na mlinzi alikuwa mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Watu wakipita wanamwangalia. Magari ya wakubwa yakafunguliwa geti bila kuulizwa. Saa tatu ikapita, ikafika tatu na nusu, na simu ya shemeji inaita, haachi. Mwisho shemeji akashuka mwenyewe mpaka getini, kitenge kimemlegea kiunoni, akamwambia mlinzi, "Baba, huyu ndiye pekee anayeweza kumsemesha. Mume wangu akikosa leo nimekwisha."

Mlinzi akatafakari kama jaji. "Aivue hiyo fulana, aigeuze."

Basi Fundi Randa, baba wa watoto wanne, akavua fulana mbele ya foleni ya watu wenye wagonjwa wao, akasimama na mbavu zake nje, akaigeuza, akaivaa mishono juu. Shemeji aliangalia pembeni mpaka alipomaliza.

Ngazini walipanda bila kusemezana. Walipofika juu tu ndipo shemeji akasema, "Daktari alituambia ule uvimbe ukizidi kukaa utaziba utumbo. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi kaseme vizuri."

Wodi ilikuwa na vitanda sita na watu tisa, wengine wawili wawili. Randa alipoingia, simu mbili tatu zikainuliwa, watu wakaangalia simu, wakamwangalia yeye. Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani, mguu wake umefungwa mpaka pajani, akakohoa kwanza.

"Ndiye fundi mwenyewe huyu? Mwanangu, hilo punguzo ni asilimia ngapi? Nisije nikachelewa bure."

Watu wakacheka, kicheko cha wagonjwa, kifupi. Msichana mmoja aliyekuwa akimnywesha baba yake chai kwa kijiko hakucheka. Aliichukua simu yake juu ya kabati, akailaza kifudifudi.

Kaka hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umekonda hata vifupa vinahesabika juu ya shuka. Fomu ilikuwa kwenye stuli, kalamu juu yake.

"Kaka, shikamoo."

Kaka akavuta shuka begani.

"Kaka, ni mimi."

"Umenipimia lini?" kaka akauliza ukuta.

"Kaka, sivyo..."

"Nauliza umenipimia lini. Mimi nilikufundisha hukati mbao kabla ya kupima. Siku ile ulivyonishika kwapani, ulikuwa unanibeba au unanipima?"

Mkono wa Randa ukaanza kupapasa, ukakosa mbao, ukakuta chuma cha kitanda, baridi. "Kaka, nakuapia, sikukulenga wewe."

Hapo kaka akageuka. Polepole, kwa maumivu, mpaka wakaonana.

"Ulimlenga nani?"

Randa akaangalia fomu kwenye stuli.

"Huyu mzee wa dirishani? Au baba wa huyu binti? Waoneshe basi wajijue."

Mzee wa dirishani akautazama mguu wake uliofungwa. Randa alitamani sakafu ipasuke. Angeweza kusingizia dada wa simu, kwamba maneno ni yake, kwamba mtandao ndio unaojipangia. Uongo ulimfikia mpaka kwenye ulimi. Lakini yule aliyekuwa akimwangalia ndiye aliyemlea, na Randa hakuwahi kumdanganya akafaulu.

"Mimi ndiye niliyechagua," akasema. "Waliniuliza watu wa wapi, nikaonesha hospitali. Kwa kidole changu. Nilijua ni wagonjwa, kaka. Ndiyo maana niliwachagua. Miezi miwili sijauza. Mhudumu wa mochwari ana fundi wake, nikaona niwawahi watu kabla hawajafika kwake. Naona aibu. Naona aibu mbele yenu wote hapa. Kaka, nipige, nitukane, lakini saini."

"Na jina letu ukaliweka," kaka akasema.

"Nikaliweka."

"Sasa limefanya kazi?"

"Nini?"

"Hilo tangazo. Limeleta watu?"

"Karibu watu elfu nne wameona."

"Waliopiga?"

"Hakuna, kaka. Hata mmoja."

Kaka akaanza kucheka. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akisema, "Aah, nitakufa kabla ya kisu," na mzee wa dirishani naye akacheka, na shemeji akacheka huku analia. Randa hakuweza. Alisimama na mishono yake nje, akangoja.

"Mjinga wewe," kaka akasema alipopata pumzi. "Ungewapigia hodi. Mteja wa kitanda tulimpata kwa kukaa naye, kunywa naye chai, kumuuliza godoro lake likoje. Unadhani mtu ananunua kwa fundi asiyemjua sura? Lete kalamu."

Akasaini. Herufi zilipinda, lakini ni jina lake. Shemeji aliinyakua fomu, wakatoka nayo mbio wote wawili mpaka mezani kwa nesi, mwisho wa ukumbi.

Nesi aliipokea, akaangalia saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi na nne.

"Hii ilitakiwa kufika hapa saa nne kasoro robo."

"Tulicheleweshwa getini, sista," shemeji akasema. "Mlinzi alituweka..."

"Nafasi yake nimeshampa mwingine, mama. Ameshaingizwa."

"Basi mweke wa mwisho. Hata jioni."

"Daktari wa upasuaji ni mmoja, na ana hospitali tatu. Anakuja kwetu mara moja kila wiki mbili. Akimaliza waliomo kwenye orodha anaondoka." Akaichomeka fomu kwenye faili, akaipigapiga isichomoze. "Tarehe ishirini na sita muwahi."

"Wiki mbili?" Randa akauliza. "Uvimbe utangoja wiki mbili?"

"Ratiba siandiki mimi, baba," nesi akasema, na uso wake ulionesha kuwa hilo analisema kila siku na halijawahi kumpunguzia kitu.

Shemeji akarudi wodini kumwambia mumewe. Randa hakuthubutu. Alibaki ukumbini, ameegemea ukuta uliopakwa rangi ya mafuta. Kupitia mlango alisikia sauti ya shemeji ikieleza, ndogo, ndefu. Kisha akamsikia kaka akisema, "Haya." Neno hilo tu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Dada wa simu: Nimelizima mjomba. Jumla waliokuona 4,106. Waliopiga 0. Tujaribu na video?

Alikuwa bado anaangalia simu, shemeji alipotoka wodini. Alikuwa ameshafunga kitenge vizuri na kunawa uso. Akasimama karibu, mgongo wake akauelekeza mlangoni ili asionekane kutoka kitandani, akazungumza kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani wakati wageni wameshafika.

"Shemeji. Mbao nzuri unayo?"

Mwanzoni Randa hakumwelewa. Kisha akamwelewa, na alitamani amwambie anyamaze, aseme wiki mbili si nyingi, aseme chochote ambacho ndugu wa mtu angesema. Shemeji alikuwa akimwangalia bila hasira yoyote, anangoja jibu.

"Ipo," akasema. "Ngumu, kavu kabisa." Na sauti iliyomtoka ilikuwa ileile anayotumia kwa wateja.