Uzi Uliotoka Ukutani

Chama cha Nasaba kilikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi. Palikuwa na meza moja ndefu, viti vya aina tatu, birika la umeme, na ukuta mzima uliobandikwa karatasi za koo za mji, zimeungwa kwa gundi hadi zikafika darini. Katikati ulikaa ukoo wa Mwenyekiti, kwa kuwa gundi ilianzia hapo. Jina la marehemu baba yake, ambaye wote humo walimwita Babu Mkubwa, liliandikwa kwa wino mzito. Kuume kwake aliandikwa mkewe, na chini yao watoto sita. Kitinda mimba alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, mfamasia mstaafu, ambaye hadi leo huvunja biskuti katikati kama anayepima dozi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa na robo, uzi ulitoka ukutani. Ulitokea kushoto kwa jina la Babu Mkubwa, mahali palipokuwa peupe. Ulikuwa wa rangi ya majivu, mwembamba kama wa kushonea vifungo. Ulishuka mezani, ukazunguka kopo la sukari, ukatoka dirishani. Mkunga, bibi mwenye miaka themanini na mbili, aliinua kikombe chake uzi upite.

"Andika," Mwenyekiti alimwambia Karani.

Karani aliandika chini ya Mengineyo: *Uzi umetoka.*

Tatizo lilikuwa dirisha. Halikufungika tena, na upepo ukawa unapeperusha kadi za vizazi zilizopangwa mezani. Fundi Saa, mjumbe mwenye mikono mitulivu kuliko wote, alijaribu kuukata kwa mkasi. Mkasi ukaota pengo. Akajaribu wa pili, nao ukaota pengo. Ikaamuliwa Karani aufuate aone unakoishia, kisha alete taarifa.

Aliufuata akitazama juu. Ulipita juu ya kibao cha duka la rangi, ukajipenyeza kati ya nyaya za umeme, ukakatiza paa la shule, ukateremka barabara ya pili na kuingia ua alioujua. Mama yake alikuwa ameinama kwenye beseni. Alikuwa dobi, akifulia nyumba kumi na moja. Uzi ulikuwa umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, kwa fundo zuri lisilobana.

"Umeanza saa ngapi, mama?"

"Saa tisa na robo. Nilikuwa nasuuza."

"Unauma?"

"Hauumi. Nimefungwa kama mbuzi tu. Ila mbuzi ana afadhali, mwenye kamba anamjua."

"Umetoka kwa Babu Mkubwa."

"Najua ulikotoka. Hebu shika huku."

Karani alishika ncha ya shuka. Wakaanza kulikamua, kila mmoja akisokota upande wake, kama walivyofanya tangu Karani ana miaka sita.

"Bibi yako alifua kwao miaka minne," mama alisema. "Wa tano wakamtoa, na mimi tumboni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeipika ukaila?" Maji yalichuruzika, yakakoma. "Hicho kitabu chenu cha nasaba kinakwenda lini kupigwa chapa?"

"Mwisho wa mwezi."

"Sitaki nyumba yao. Shamba sitaki, salamu sitaki. Waniandike tu. Nina miaka sitini na minane, na kwenye cheti changu pa baba pana kistari."

Jumamosi iliyofuata Karani alisoma taarifa yake akiwa amesimama. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Wajumbe wanne walisikiliza. Uzi ulikuwa mezani, na Fundi Saa alikuwa ameuegemezea miwani.

Mwenyekiti alifungua katiba ya chama, kifungu cha saba. Hakuna jina litakaloingizwa katika nasaba pasipo hati mbili. Kifungu hicho Karani alikitunga mwenyewe miaka mitatu nyuma, na kilipopitishwa alisifiwa kwa ufasaha.

"Mwanangu," Mwenyekiti alisema. Kila mtu kwake alikuwa mwanangu. "Hakuna anayeubishia uzi. Sote tunauona. Lakini uzi si hati."

"Mama yangu alikuwa mkunga kabla yangu," Mkunga akasema. "Kila mtoto aliyempokea alimwandika, na mzazi wake mwanamume. Daftari la mwaka ule ninalo."

"Lisomwe, bibi."

"Limekatwa ukurasa. Kwa wembe, vizuri kabisa. Namjua aliyekuja kuliazima."

"Ukurasa usiokuwepo si hati."

"Na mkato je?"

"Mkato si ukurasa."

Mkunga akarudi kwenye chai yake. Alikuwa ameanika uchawi wa watu mchana kweupe, na hakuna aliyesogea kuutazama.

Kura zikapigwa. Karani hakuwa na kura, kazi yake ilikuwa kuzihesabu. Mikono mitatu ilipanda kukataa. Wa Mkunga ulibaki kwenye kikombe, haukukubali wala kukataa. Kisha wakapitisha kwa kauli moja kumwita seremala.

Seremala alikuja Jumatatu, akatoboa tundu dogo kwenye fremu ya dirisha, akaupitisha uzi humo na kulizungushia sponji. Dirisha likafungika. Kadi za vizazi zikatulia.

Kitabu kilitoka kikiwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili. Karani alimpelekea mama yake nakala. Mama alikausha mikono, akapitisha kidole kwenye majina, ukurasa baada ya ukurasa, hadi kwenye jalada la nyuma.

"Karatasi nzuri," alisema. "Nipe vibanio."

Maana kufikia hapo alikuwa amesimika nguzo yenye panda katikati ya ua, akaupitisha uzi juu yake. Haukulegea wala haukupata kutu, na kadiri alivyotembea nao ndivyo ulivyomfuata. Kamba aliyokuwa nayo awali aliwapa majirani. Mashuka ya nyumba kumi na moja yalikauka hapo, na Alhamisi yalikauka mashati sita meupe ya Mwenyekiti, mteja wake tangu afunge duka la dawa. Aliyafuata mwenyewe, akisimama mlangoni.

"Dada, kola usizitie wanga mwingi, zinanikwaruza."

"Sawa, bwana."

Shati akalipokea limekunjwa. Uzi ulipita juu ya kichwa chake, naye akainama kidogo, kama ainamavyo mtu kwenye mlango mfupi wa kwao.

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua, chama kilikutana saa tisa. Birika lilichemka. Mwenyekiti alivua koti, akalitundika, akakaa mgongo ukielekea kiti cha Karani.

"Mwanangu, mwambie mama yako," alisema akivunja biskuti, "siku hizi pasi yake inaacha mstari. Mke wangu amerudia mara tatu, hautoki."

Karani aliutazama. Ulikata mgongo wa shati kutoka bega hadi bega, mwembamba, wa rangi ya majivu.

"Nitamwambia," alisema, kisha akafungua daftari na kuandika waliohudhuria.