Mgongo wa Ngome

Tajiri wa mafuta ya kupikia alipotaka kujenga, hakuleta ramani. Alileta picha ya ngome ya wafalme wa ughaibuni, aliyoikata kwenye kalenda, akamkabidhi fundi mwashi. "Nijengee hii hii, usipunguze hata tundu." Fundi hakupunguza. Aliinua minara miwili, akachonga meno juu ya kuta, akaweka mlango wa kupitisha tembo na mtoto wake. Kasheshe ilikuwa nyuma, maana picha haina mgongo. Fundi alikuna kichwa siku mbili, kisha akaumalizia upande ule kama alivyojenga kwake: baraza pana, jiko lenye hewa, madirisha ya chini.

Miaka sitini baadaye, mjukuu wake, mwashi kama babu, alisimama mbele ya baraza lile na nyundo mkononi. Kazi aliyopewa ilimkera mpaka rohoni: alibomoe. Mtaalamu wa majengo ya kale alikuwa ameandika kwamba sehemu ya nyuma ilibandikwa baadaye na watu wasiojua ujenzi, hivyo iondolewe kabla ngome haijafunguliwa kwa watalii.

"Mzee, hii haikubandikwa," alimwambia mtaalamu aliyesimama kando yake. "Aliijenga babu yangu, pamoja na ngome yenyewe."

"Binti, kila mtu ana babu. Una karatasi?"

"Karatasi sina. Kona ninayo."

Hakungoja ruhusa. Alikwenda pale ukuta wa ngome ulipokutana na wa baraza, akabandua plasta kwa patasi kuanzia usawa wa kifua mpaka chini. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alilelewa na mikono iliyojenga pale. Jiwe moja la ngome liliingia barazani, linalofuata la baraza likaingia ngomeni, hivyo hivyo mpaka kwenye msingi.

"Ukuta wa kuongezwa huegemea tu," alisema. "Ungeona ufa ulionyooka kama rula. Hizi kuta zilipanda pamoja, mzee. Ukivuta hili baraza, jiandae kuukimbia mnara."

Mtaalamu alipiga magoti akapitisha kidole kwenye mawe, akapitisha tena. Alikuwa mbishi, lakini si mwongo. Alitoa kalamu akaukata mstari wa kubomoa katika ripoti yake, na mjukuu wa fundi akashusha pumzi kwa furaha bila kuificha.

"Ila sielewi," mtaalamu alisema. "Tajiri mzima, alikubalije mgongo wa namna hii?"

Aliyejibu alikuwa kitinda mimba wa tajiri, bibi wa miaka sabini, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi pale barazani akiwa amegoma kuhamishwa.

"Baba alinuna wiki nzima," alisema. "Wiki ya pili akahamishia kitanda chake huku. Kule mbele tulipokea wageni, mwanangu. Kuishi, tuliishi huku."