Debe la Mlima

Gunia la maharage huchukua debe sita. Kule Tlawi huchukua saba, na la saba halina bei. Wanaliita debe la mlima. Hilary, mnunuzi, hulimimina juu ya yale sita, akashindilia kwa goti, kisha akashona mdomo wa gunia mpaka linatokeza kichwa kama mtu aliyejifunga kilemba. Sababu yake haijawahi kubadilika: lori lake halipandi Tlawi. Hubaki chini kwenye lami, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na gharama ya mlima ni ya mwenye maharage.

Genoveva, mjane wa miaka sitini na moja, alikuwa amelitoa debe hilo kwa miaka kumi na tisa. Mumewe Joakimu alilitoa kabla yake, na sasa amelala kwenye kona ya shamba lile lile, chini ya msalaba wa saruji. Mwezi wa tatu, siku moja baada ya kupanda maharage, Genoveva alipigiwa simu na Pascal, mwanawe pekee, ambaye anafanya kazi Babati kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nimechoka kubeba saruji ya watu. Mwaka huu shamba likilipa, narudi tulime. Lisipolipa, tumuuzie mzee Sulle, uje ukae na mimi huku."

Genoveva alisema sawa. Babati hakuitaka, joto lake lilimshinda. Alimtaka mwanawe nyumbani, na kila asubuhi alimwomba Mungu jambo hilo moja, bila kulizungusha.

Wiki hiyo bwana shamba aliitisha semina kwenye ofisi ya kata. Jina lake Mwita, mtu wa Tarime aliyepangiwa wilaya hii ya Mbulu miaka minne iliyopita, na mpaka leo huvaa makoti mawili. Kila mkulima alipewa kalamu, soda na andazi. Projekta iliandika ukutani ushindani, mkakati, mnyororo wa thamani, kisha umeme ukakatika, na Mwita akamalizia kwa mdomo.

"Shida yenu siyo udongo," alisema. "Shida ni umbali. Mkulima wa ushindani analima karibu na soko."

Genoveva aliandika maneno hayo matatu ya mwisho kwenye daftari. Jioni alikwenda shambani kumweleza Joakimu habari za siku, kama alivyozoea, akasimama kando ya kaburi na kuyasoma kwa sauti. Shamba nalo lilikuwa pale pale, likasikia.

Jumapili iliyofuata Pasaka, watu walipotoka misani, shamba la Genoveva halikuwepo mahali pake. Lilikuwa hatua mia tano chini, pamoja na maharage yake, ua wake wa minyaa na kaburi. Pale lilipotoka, shamba la mzee Sulle na la jirani wa pili yalikuwa yamegusana, na wenyewe walikuwa wameshaanza kugombania mpaka.

"Kusogea siyo neno," Sulle alimwambia Genoveva. "Lakini mtu hupiga hodi."

Genoveva alikubali kosa. Kuanzia hapo, kila Jumatatu alibeba dumu la pombe mpaka kwa mtu ambaye eneo lake shamba lilikuwa limelilalia, akaomba radhi, wakanywa kidogo, yakaisha. Mashamba ya watu yalibanana kulipisha, kama waumini kwenye benchi la kanisa anapoingia aliyechelewa.

Shamba lilikwenda Jumapili tu, wakati wa misa, kwa sababu siku nyingine lilikuwa na mtu mgongoni analipalilia. Misa fupi, mwendo mfupi. Siku ya mavuno ya parokia, padri alipokaa kwenye mnada wa kuku na maboga mpaka saa nane mchana, shamba lilivuka korongo zima. Genoveva alinunua boga moja siku hiyo, tena kwa bei ya juu, ili mnada usikatike.

Nyumba yake haikuhama. Nyumba haikuwa imehudhuria semina. Basi kila wiki njia ya kwenda kazini ilirefuka, na kufikia mwezi wa sita alikuwa akiteremka kwa saa mbili na jembe begani na kupanda kwa saa tatu akiwa amejishika kiuno. Magoti yalivimba. Alichoka mpaka akawa analala na viatu. Lakini mlima sasa aliubeba yeye, haukubebwa tena na maharage, na hilo lilimtosha.

Wiki ya kuvuna, shamba lilifika kwenye lami na kutulia, ua wake ukigusa mtaro. Mwita alikuja na pikipiki kulipiga picha. Fomu yake ya robo mwaka haikuwa na sehemu ya mashamba yaliyohama, akaandika chini ya "mafanikio mengine" na kuweka idadi: moja.

Hilary alirudisha lori nyuma mpaka tairi likagusa minyaa. Hakupanda popote. Alipima debe sita, akachota la saba.

"Hilo la nini?" Genoveva aliuliza.

"La mlima, Mama Pascal."

"Mlima uko wapi?"

Hilary aligeuka akautazama. Ulikuwa mbali, na mawingu yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu kama wengine, na simu ya wanaompangia bei ilikuwa ikilia mfukoni tangu asubuhi.

"Mama, hata mimi naona haupo. Lakini wenzangu wote wanalichukua. Nikiliacha mimi, kwenye ushindani nimekufa."

Alilimimina, akashindilia kwa goti, akashona. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa cha Hilary. Genoveva alikaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe akalia kidogo, kisha akahesabu magunia yaliyobaki, kwa kuwa lori lilikuwa linasubiri.

Hakumpigia Pascal simu. Pascal alikuja mwenyewe Jumamosi, akashuka kwenye basi mbele ya msalaba wa baba yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Shamba halikulipa."

Pascal alikuwa akitembea kandokando ya lami kwa hatua ndefu, akihesabu. Alikwenda mpaka mwisho wa ua, akarudi na uso wa furaha ambao mama yake hakuwa ameuona tangu alipokuwa mtoto.

"Narudi nyumbani, mama. Hapa fremu sita za maduka zinakaa, na kaburi la baba haliguswi."

"Na maharage?"

"Tutayauza humo humo."

"Yatalimwa wapi?"

"Si huko juu? Tutanunua kwa watu."

Genoveva alitaka kuuliza jambo jingine, lakini mwanawe alikuwa amesema anarudi nyumbani. Neno hilo alikuwa ameliomba mwaka mzima.

Fremu zilisimama kabla ya mvua za vuli. Kaburi liko kati ya fremu ya tatu na ya nne, na wateja huegesha pikipiki hapo kwa heshima, bila kugusa msalaba. Shamba bado lipo, chini ya saruji. Jumapili wakati wa misa hujaribu kuondoka, safari hii kuelekea juu, na kila Jumatatu fundi huja na ndoo ya zege kuziba nyufa za sakafu. Pascal ameshamweka kwenye mahesabu ya mwezi.

Genoveva alikodi kipande kwa mzee Sulle, kule kule Tlawi, kwenye ule mpaka uliokuwa ukigombaniwa. Mavuno yaliyofuata aliteremka na punda wawili na gunia nne, akafika mchana, akaingia fremu ya kwanza. Pascal aliinuka.

"Shikamoo mama. Pole na njia."

"Marahaba."

Alimpa kiti na chai. Akamfungulia gunia la kwanza, akapima debe la kwanza, la pili, mpaka la sita. Hapo akasimama na debe tupu mkononi, akatazama nje barabarani, ambako lori la Hilary lilikuwa limeegeshwa kwenye duka la jirani.

"Mama," alisema taratibu, "wenzangu wote..."

"Najua, baba."

Genoveva aliweka kikombe chini. Akalichukua debe mkononi mwake, akachota la saba mwenyewe, akalimimina juu ya yale sita na kushindilia kwa goti, lile lililovimba.